Mafunzo ya mikrokontrola yaanzie kwenye betri, si kwenye soketi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe rai yangu kuhusu namna vijana wetu wanavyoanzishwa kazi ya mikrokontrola, yaani zile chipu ndogo ambazo kila moja ni kompyuta kamili, yenye kumbukumbu yake, saa yake na miguu yake ya kupokea na kutoa umeme, na ambazo leo zimo ndani ya rimoti, mashine za kufulia, mizani za dukani na hata mita za Tukuza zilizotundikwa majumbani mwetu. Ni jambo la kheri kwamba baadhi ya skuli na vituo vya mafunzo ya amali vimeanza kupata bodi za kufundishia kazi hii, yaani vibao ambavyo chipu hizo zimepachikwa. Nisichoridhika nacho ni aina ya bodi zinazochaguliwa na, zaidi ya hapo, mahali somo lenyewe linapoanzia.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Bodi huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, mwanafunzi huandika programu ya mistari michache, taa ndogo iliyo juu ya bodi huwaka na kuzima kila sekunde, darasa hufurahi, na baada ya hapo hufuata taa tatu za mfano wa barabarani, kisha mota ndogo, kisha kengele. Yote hayo hufanyika bodi ikitegemea umeme wa kompyuta, na kompyuta ikitegemea umeme wa ukutani. Siku mwanafunzi anapopata wazo lake mwenyewe, la kujua joto la maji katika shamba la mwani la mama yake, au unyevu wa hewa ndani ya ghala la karafuu, au kina cha maji katika kisima cha shambani, wazo hilo hukwama palepale, kwa sababu huko hakuna soketi, na bodi aliyofundishiwa humaliza betri kabla ya siku ya tatu. Kipo kituo kimoja ninachokijua, ambacho sina haja ya kukitaja, ambacho bodi zake zimo kabatini ndani ya mifuko yake zikiwa nzima kabisa. Hazikuharibika, zilikosa kazi tu.

Rai yangu ni kwamba bodi ya kwanza anayoishika mwanafunzi wa visiwa hivi iwe ya matumizi madogo ya umeme, na kwamba somo la kwanza baada ya taa kuwaka liwe ni kupima mkondo wa umeme unaoliwa na bodi hiyo, kisha kuushusha.

Tutazame hesabu. Bodi iliyoenea mno madarasani ni Arduino Uno, ya ukoo wa bodi ulioanza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu. Sina ugomvi nayo, kwani imewafungulia mlango watu wengi ambao wasingethubutu kugusa chipu. Lakini Uno ya kawaida, hata ikiwa haifanyi kazi yoyote, hula mkondo wa takriban miliampea 45. Ukiilisha kwa betri sita za AA zilizounganishwa mfululizo, ambazo volti zake hujumlika lakini uwezo wake hubakia ule wa betri moja, tuseme miliampea-saa 2,000 (yaani mkondo wa miliampea 1 kwa saa 2,000), basi 2,000 ukigawa kwa 45 unapata saa 44 hivi, yaani si siku mbili kamili. Lawama si ya chipu iliyomo, ATmega328P, ambayo ikilazwa usingizi mzito kwa programu iliyoandikwa vyema inaweza kuteremka chini ya mikroampea 1, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya miliampea. Lawama ni ya bodi: ina chipu ya pili ya kuzungumza na USB, ambayo haikai kimya, ina taa ya kuonesha kwamba umeme umo, ambayo haizimiki, na ina kirekebisha volti, yaani sehemu inayoshusha volti za betri, kinachogeuza sehemu ya umeme kuwa joto. Mwanafunzi anaweza kuandika programu ya usingizi kwa ufundi wa hali ya juu na asione nafuu ya maana kwenye betri, na hapo atakuwa amejifunza jambo lisilo kweli, kwamba programu haina mkono katika ulaji wa umeme.

Bodi za matumizi madogo zimejengwa kwa fikra nyingine. Ninayoipendekeza kwa kuanzia, na ambayo ndiyo ninayoifundishia, ni ya ukoo wa MSP430 wa kampuni ya Texas Instruments ya Marekani, iitwayo LaunchPad. Ilitoka mwaka 2010 kwa bei ya dola 4.30. (Mwaka huohuo Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika giza la miezi mitatu, baada ya umeme wa Bara kukatika Disemba 2009, na Pemba ikaunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari, tulikuwa na mengine ya kushughulika nayo.) Bei imepanda tangu hapo na bodi ya mwanzo imeachia nafasi nyingine, MSP-EXP430G2ET, lakini chipu ninayoizungumzia, MSP430G2553, hukaa juu ya zote mbili. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 16, na ya kazi ni baiti 512 tu. Kijana mwenye simu ya gigabaiti kadhaa hucheka akisikia hivyo. Hata hivyo, chipu hii hufanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 3.6, hivyo betri mbili za AA huilisha moja kwa moja bila ya kirekebisha volti. Ikiwa macho kwa kasi ya megahezi 1 na volti 2.2 hula mikroampea 230 hivi. Ikilala huku saa yake ya ndani ikiendelea kuhesabu hula takriban nusu ya mikroampea. Na ikiamshwa huwa tayari kwa kazi kabla ya mikrosekunde 1 kupita.

Lipo jambo jingine ambalo kwa fundi wa hapa lina thamani kuliko tarakimu hizo. Chipu hiyo ina miguu 20 ya kawaida, minene ya kutosha kushikwa kwa mkono, na imekaa kwenye kitako cha kuchomeka. Mwanafunzi huitia programu ikiwa juu ya bodi, kisha huing'oa taratibu kwa bisibisi bapa na kuihamishia kwenye kibao chake mwenyewe, chenye betri mbili, resista ya kilo-ohm 47 inayouvuta mguu wa kuanzisha upya kwenda kwenye chanya, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi. Basi, kifaa chake kimekamilika, na bodi ya kufundishia imebaki darasani kwa ajili ya mwenzake. Kwa kituo chenye bodi chache na wanafunzi wengi, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Kuanza kwenyewe hakuna makubwa. Ipo programu ya kompyuta iitwayo Energia, iliyofuata mtindo wa Arduino, inayomwezesha mgeni kuwasha taa mara tu anapochomeka waya. Ipo pia Code Composer Studio ya mtengenezaji mwenyewe, ambayo ni ya bure lakini nzito kuipakua, na kwa anayenunua bando kwa shida haifai kila mmoja aipakue kwake; kituo kiipakue mara moja na kuigawa kwa flashi. Mimi huwapitisha wanafunzi kwenye Energia kwa muda mfupi tu, kisha nawahamishia kwenye lugha ya kuandikia programu iitwayo C, ile ya kawaida, kwa sababu Energia, kwa wema wake, huficha yale hasa ninayotaka wayaone. Mstari wa kwanza wa programu ya C katika chipu hii ni wa kusimamisha kipima muda cha ulinzi, ambacho kazi yake ni kuianzisha chipu upya ikiwa programu imezubaa. Asiyeuandika mstari huo huona chipu yake ikijianzisha kila baada ya milisekunde 32 hivi, na taa haifiki hata kuzima. Ni adhabu ndogo, lakini humfahamisha mwanafunzi tangu mapema kwamba ndani ya chipu mna vitu vinavyokwenda vyenyewe, atake asitake.

Baada ya hapo huja programu mbili ambazo nazihesabu kuwa ndizo kiini cha somo zima. Ya kwanza huwasha taa, kisha huiambia chipu ihesabu bure, moja, mbili, tatu, hadi sekunde ipite, kisha huizima. Ya pili hutega kipima muda, humlaza mtendaji, yaani ile sehemu ya chipu inayotekeleza amri, huamshwa na kipima muda, hugeuza hali ya taa, na kulala tena. Mtu akitazama taa mbili hizo mezani hawezi kutambua ipi ni ipi. Zinawaka sawa na kuzima sawa. Kinachozitenganisha ni mita ya kupimia umeme, na ndiyo maana nasema kwamba kufundisha mikrokontrola bila ya mita mezani ni kufundisha nusu ya kazi.

Upimaji wenyewe hufanyika hivi. Juu ya bodi ipo safu ya vifuniko vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, ambavyo mafundi huviita jampa, na ambavyo huunganisha upande wa USB na upande wa chipu. Kwenye bodi ya mwanzo kimoja kimeandikwa VCC, yaani njia ya umeme wa chipu. Programu ikishaingia, vifuniko vyote huchomolewa, pamoja na vile vya taa, na mahali pa kile cha VCC huwekwa ncha mbili za mita. Vile vingine havibakizwi, kwa sababu umeme una tabia ya kuingia kwenye chipu kwa kupitia njia za mawasiliano, na usomaji ukawa wa uongo. Ikiwa mita ya mwanafunzi haina kipimo cha mikroampea, au fyuzi yake imeungua, kama ilivyo kwa mita nyingi za bei ndogo zilizopita mikono mingi, huwekwa resista ya kilo-ohm 1 mahali pa jampa na kupimwa milivolti kati ya ncha zake mbili. Kwa kanuni ya Ohm, ileile anayoikariri skuli kwa ajili ya mtihani, kila milivolti 1 ni mikroampea 1. Tahadhari ni kwamba taa ikiachwa imeunganishwa itavuta miliampea kadhaa, na miliampea 2 tu ndani ya resista hiyo hupoteza volti 2 nzima, chipu ikafa njaa. Mwanafunzi akipambana na jambo hilo mara moja hahitaji tena kuelezwa kwa nini volti ya betri na volti inayofika kwenye chipu si kitu kimoja.

Programu ya kwanza huonesha mikroampea mamia kadhaa. Ya pili hushuka ghafla, na darasa huanza kunong'ona, lakini aghalabu haishuki hadi nusu ya mikroampea iliyoahidiwa na mtengenezaji. Hukwama kwenye makumi, na wakati mwingine hupanda na kushuka mtu akipitisha mkono karibu na bodi. Hapo ndipo penye utamu. Miguu ya chipu isiyotumika, ikiachwa kama miguu ya kupokea bila ya kuunganishwa na kitu, haina uhakika kama iko juu au chini. Inaelea katikati, na transista mbili za ndani, yaani swichi ndogo, ambazo moja ilipaswa kufunga wakati nyingine imefungua, hupitisha umeme zote kwa pamoja. Ni sawa na mfereji usiofungwa vyema, ambao tone lake huonekana dogo hadi utakapoweka ndoo chini yake usiku kucha. Dawa yake ni mistari miwili au mitatu ya programu, ya kuigeuza miguu hiyo kuwa ya kutoa, au kuivuta upande mmoja kwa resista za ndani ya chipu. Kibonyezo kilicho juu ya bodi nacho kinahitaji kuvutwa namna hiyo. Mwanafunzi huandika, hutia programu upya, huchomoa jampa, husoma mita, na safari hii huona tarakimu ambayo mita yake inaihangaikia kuionesha. Sijapata kuona taa ya rangi yoyote iliyomfurahisha kijana kuliko hiyo.

Sasa nirudi kwenye mwani, kwa sababu ndio mfano ninaouona una haki ya kuwa kazi ya kwanza ya kweli. Kilimo hiki kimekuwa cha biashara hapa Zanzibar tangu mwaka 1989, kilipoanzia upande wa mashariki wa Unguja, na wanaokibeba zaidi ni akina mama. Aina ya spinosum huvumilia. Aina ya cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, hufa katika maji ya kina kifupi, na joto la maji hayo limo miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu wa bahari. Akina mama wa Tumbe au Micheweni hawahitaji kifaa cha kuwaambia kwamba maji ni moto. Miguu yao inajua. Wanachokikosa ni kumbukumbu ya saa kwa saa: siku za bamvua, maji yanapokupwa saa nne na saa tano asubuhi na jua limeshapanda, joto hufika wapi, hukaa huko kwa muda gani, na je, kamba zilizo hatua mia moja mbele, kwenye kina zaidi, huepukana nalo? Mwenye majibu hayo anaweza kuamua cottonii aifunge wapi na mwezi gani, badala ya kupoteza mbegu kila anapojaribu.

Kifaa cha kazi hiyo kinaweza kujengwa kwa chipu niliyoitaja na thamista moja ya kilo-ohm 10, ambayo ni resista inayopungua kadiri joto linavyopanda. Huunganishwa mfululizo na resista ya kawaida yenye thamani hiyohiyo, na ncha ya juu hailishwi moja kwa moja na betri bali na mguu mmoja wa chipu, ili umeme upite wakati wa kusoma tu. Chipu hugawa volti katika hatua 1,024. Kwa thamista za kawaida, kwenye nyuzi 30 hivi, kila nyuzi moja ya joto ni takriban hatua 11, ambazo zinatosha na kubaki. Na kwa kuwa kinachopimwa ni uwiano, betri ikichoka kidogo usomaji hauharibiki. Usahihishaji nao hauna gharama: barafu ya maji matamu, ile ya kuhifadhia samaki, ikisagwa na kuchanganywa na maji yake yenyewe ndani ya chupa ya chai hukaa kwenye nyuzi 0, na kwa upande wa juu hutumika kipimajoto cha kuaminika kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu.

Kila usomaji huhifadhiwa katika baiti 2. Ukisoma kila nusu saa, siku moja ni baiti 96. Na ukitenga kilobaiti 12 kati ya zile 16 kwa ajili ya kumbukumbu, unapata nafasi ya siku 128, yaani bamvua nane na zaidi. Usingizi pamoja na kazi, wastani wa mkondo haupiti sana mikroampea 1, na kwa wastani huo hata ile betri ya duara ya CR2032, yenye miliampea-saa 220 hivi, ingezeeka kwa umri wake kabla ya kuishiwa. Mimi ningeweka betri mbili za AA hata hivyo, kwa sababu zinapatikana hadi kwenye duka la kijijini. La kuangaliwa ni kwamba kuandika kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chipu hii kunahitaji angalau volti 2.2, ingawa chipu yenyewe huendelea kuishi hadi 1.8; programu lazima ipime betri kwanza, na ikiona imeshuka iache kuandika, isije ikaharibu yaliyokwishahifadhiwa.

Kinachosumbua kuliko yote ni wakati. Chipu ina saa ya ndani isiyohitaji kitu cha nje, lakini mwendo wake, ambao kwa kawaida ni kilohezi 12, mtengenezaji mwenyewe anakiri kwamba unaweza kuwa popote kati ya 4 na 20, tena hubadilika na joto. Usomaji wa miezi minne kwa saa kama hiyo hauwezi kulinganishwa na majedwali ya maji kupwa na kujaa. Hivyo basi lazima kitiwe kile kioo cha saa cha hezi 32,768, yaani kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, kama kilichomo ndani ya saa za mkononi, ambacho mwendo wake ukigawanywa kwa mbili mara 15 hutoa sekunde moja kamili. Katika boksi la LaunchPad ya mwanzo kilikuja kikiwa pembeni, hakikuunganishwa, na miguu yake ni miembamba kama unywele. Hii ni kazi ya lihamu, na kwa kazi ya lihamu hatuna uhaba wa walimu: mafundi redio wa Chake na Wete, wanaotengeneza simu kwa macho na mkono mtulivu, wanaweza kumfunza mhitimu wa chuo kikuu. Waitwe madarasani. Wao ndio wanaojua pia kwamba baada ya kuunganisha lazima pasafishwe kwa spiriti, kwani uchafu na unyevu kidogo tu kati ya miguu ya kioo hicho unatosha kuisimamisha saa, na hewa yetu, hasa wakati wa kusi, ina chumvi ndani yake. Rangi ya kucha juu ya viungo, gundi ya epoksi kwenye tundu la waya, na chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, ndiyo nyumba ya kifaa.

Najua nitajibiwa kwamba dunia imekwenda mbele, na kwamba kwa fedha ndogo mtu hupata bodi ya ESP32 yenye Wi-Fi ndani yake. Ni kweli, na ni bodi nzuri sana kwa nyumba yenye umeme. Lakini redio yake inapotuma inaweza kuvuta miliampea 240 kwa kitambo, na ingawa chipu yenyewe hulala kwa mikroampea 10 hivi, bodi nyingi zinazouzwa nayo hubeba virekebisha volti na taa zinazoubatilisha usingizi huo. Tena, hiyo Wi-Fi iunganishwe na nini, mita mia nne kutoka pwani, maji yakiwa yamejaa? Mkulima wa mwani hushuka shambani kila bamvua. Anaweza kurudi na kifaa ndani ya kapu lake na kikasomwa mezani. Ikija haja ya kutuma taarifa kutoka mbali ipo redio ya LoRa, inayofika kilomita kadhaa kwa umeme mdogo, nayo ifundishwe baada ya mwanafunzi kuweza kukilaza kifaa na kukiamsha. Wengine watataja Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4. Ina nguvu nyingi na maelezo yake ni mazuri, ila usingizi wake mzito bado ni wa mamia ya mikroampea. Kwa upande mwingine, atakayependelea bodi za Nucleo za STMicroelectronics zenye chipu za STM32 za mfululizo wa L sitamzuia; nazo zimejengwa kwa matumizi madogo na zina jampa maalumu iliyoandikwa IDD ya kuingizia mita.

Kwa wale wanaoandaa orodha za ununuzi, wizarani, katika miradi ya wafadhili na kwa wazazi wanaochangia skuli zao, ningeomba tarakimu moja idaiwe kwa maandishi kutoka kwa muuzaji kabla ya fedha kutoka: bodi nzima, si chipu peke yake, ikiwa imelala hula mikroampea ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu hilo hafai kuuziana naye kwa ajili ya kazi za pwani na mashamba. Na kila bodi inayonunuliwa iandamane na mita moja na pakiti ya resista, hata ikiwa idadi ya bodi itapungua kwa ajili hiyo. Bodi kumi zenye mita zitafundisha zaidi ya thelathini zisizo nazo. Maelezo ya kuanzia yaandikwe kwa Kiswahili, yachapishwe kwenye karatasi, kwa sababu mwanafunzi mwenye chuma cha lihamu mkononi hana mkono wa tatu wa kushikia simu.

Kwa upande wangu, programu nilizozieleza, ile ya kuhesabu bure, ile ya usingizi na ile ya thamista, ninazo pamoja na maelezo yake, na kituo chochote cha Pemba kitakacholeta flashi kwenye karakana yetu kitapewa nakala bila ya malipo. Msimu wa kaskazi, maji yanapopata joto kuliko nyakati nyingine, ndio unaofaa kuzamishia vifaa vya mwanzo majini, kwa hiyo wanaotaka wasingoje hadi kusi.

Wako,
Mwalimu wa mafunzo ya amali,
Wete, Pemba.